Unga Uliotiwa Kifuani mwa Mwalimu Skola

Mwanangu Fidelis,

Sikuulizi hali. Nimekuona sasa hivi ukitoka getini na shati ulilolipiga pasi mwenyewe, unakwenda Majengo kuwaaga wenzako, na hali yako naijua. Una furaha. Furaha hiyo umeingoja tangu ulipomaliza chuo ukarudi kukaa hapa Mjimwema, ukiwatazama wenzako wakienda kazini na wewe ukimwagilia mchicha wangu.

Sitakuandikia habari za kulala ndani ya chandarua wala za kuchagua marafiki. Hayo ama unayajua, ama Dar es Salaam itakufundisha. Nakuandikia habari za mjomba wako Kanisius, kaka yangu wa tumbo moja, ambaye kesho asubuhi atakuja na gari lake kukuchukua ukawe muuzaji wa vifaa vya hospitali katika kampuni yake.

Umeniuliza zaidi ya mara moja kwa nini mjomba akija hapa mimi hukumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua. "Mama, una nini na mjomba?" Nami nikakujibu kwamba sina neno naye. Ulikuwa uongo. Bibi yako alinishika mkono siku moja akaniambia, "Gaude, usimtenge mtoto na mjomba wake mimi nikiwa hai." Nikamtii, maana alikuwa mama yangu. Sasa bibi tumekwishamzika na ulimi wangu umefunguliwa, ila naona aibu kukwambia haya uso kwa uso, kwa kuwa naweza kulia, na nikilia utaacha kusikiliza uanze kunibembeleza.

Nilicho nacho juu ya mjomba wako si hasira. Hasira hupoa, nami nimewahi kuwa nayo kwa watu wengi, hata kwa marehemu baba yako, ikaisha. Hiki ni kinyaa. Ni ile hali ya kufunua sufuria ukakuta panya amelowa chini ya mboga ambayo umekwisha kuila.

Unamkumbuka Mwalimu Skola, aliyekufundisha kusoma darasa la kwanza? Alikuwa mnene, mcheshi, akichapa meza kwa rula huku anacheka mwenyewe. Ulipokuwa bwenini, kidato cha pili, nilikwambia kwenye simu kwamba amefariki kwa saratani. Ukasema, "Maskini Mwalimu." Saratani alikuwa nayo kweli. Ilianzia kwenye titi, wakamkata, akapona kwa muda, halafu ikajitokeza kifuani. Lakini siku ile aliyokufa hakufa kwa saratani. Hivyo ndivyo ninavyoamini, na nitakueleza kwa nini.

Mapafu yetu yamevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani una utando wake. Katikati pana upenyo mdogo tu. Saratani ikifika hapo, maji hujaa kwenye upenyo huo, yanalibana pafu, mtu anatweta kama aliyepanda mlima wa Matogoro mbio. Daktari hutoboa na kuyatoa maji kwa mpira. Mgonjwa anapata nafuu. Baada ya muda yanarudi, anatobolewa tena. Ili yasirudi kuna njia moja: maji yakishatolewa yote, unatiwa unga wa talki kupitia mpira ule ule. Unga unazichokoza zile tando mbili, zinavimba kidogo, kisha zinagandamana. Upenyo ukishazibika, maji hayana pa kukaa.

Talki ni jiwe laini linalosagwa. Ndilo la poda ya kumpaka mtoto akitoka kuoga, na ndilo linalotiwa kwenye rangi za nyumba na kwenye mipira. Ile ya kutia kifuani ni lazima iwe imeuliwa vijidudu, na mimi, mfamasia mwenye cheti kilichotundikwa ukutani, nilidhani hilo ndilo la kuangalia tu. Unga mweupe ni unga mweupe. Kumbe kuna jambo jingine, ukubwa wa punje. Umekaa kwenye mashine ya kusaga mahindi tangu utoto. Umeona chenga zinavyoanguka chini na kutulia, na lile vumbi laini kabisa linavyopaa, likaingia kwenye nyusi za msagaji, puani, hadi kwenye mboni za macho. Talki ni hivyo hivyo. Punje kubwa zinabaki kifuani zilipotiwa, zinafanya kazi yake. Zile ndogo sana hupenya matundu ya utando, zikaingia kwenye damu, zikasafiri hadi pafu la upande wa pili ambalo halikuwa na kosa lolote. Mapafu yanawaka, yanavimba, yanajaa. Ndiyo maana watengenezaji waaminifu huziondoa zile laini kabla ya kufunga paketi. Ni jiwe lile lile, lakini moja linaponya na jingine linaweza kuua.

Mwalimu Skola alipolazwa kwetu hospitalini alikuwa halali. Alikaa kitandani ameegemea mito, usiku na mchana, kichwa kikimdondoka kwa usingizi na pumzi ikimwamsha. Nilimpitia wodini kila nilipotoka kwenye chumba changu cha dawa.

"Mama Fide," akaniambia, akivuta pumzi kati ya neno na neno, "nataka nilale chali. Kama marehemu. Ila niamke."

Akacheka, akakohoa, nami nikacheka naye.

Daktari Ndunguru akamtoa maji. Siku hiyo Mwalimu alilala chali. Mumewe, Mzee Mapunda, alikuja kutoka Ruhuwiko na uji kwenye chupa, akamkuta anakoroma, akakataa asiamshwe. Alikaa kwenye benchi usiku kucha akimsikiliza mkewe anakoroma kama mtu anayesikiliza kwaya. Kesho yake akatiwa unga. Jioni homa ikapanda. Maumivu na homa kidogo ni kawaida, hatukushtuka. Asubuhi iliyofuata nilimkuta na barakoa ya oksijeni, midomo imekuwa ya kijivu, kifua kinapanda na kushuka kama cha ndege uliyemshika mkononi. Aliniona. Akaisogeza barakoa.

"Mmeniwekea nini? Kinawaka. Huku pia," akagusa upande wa pili, ule ambao haukuguswa na daktari.

Nilimrudishia barakoa usoni. Alikufa kabla ya mchana.

Wa kwanza kuuliza alikuwa daktari. Alikuja kwangu na paketi tupu mkononi. "Mama Fide, huu unga ni ule tuliokuwa tukiutumia siku zote?"

Nikamwambia hapana, ule umekwisha, tumeletewa mpya. Boksi zilikuwa zimeandikwa vizuri, zimepigwa mhuri kwamba zimeuliwa vijidudu. Nilikuwa bado na paketi moja ya zamani. Tukazifungua zote mbili juu ya karatasi nyeusi, pale dirishani jua linapoingia. Wa zamani ulianguka ukatulia. Mpya ulifuka. Fidelis, ulipaa kama moshi, ukakaa hewani kwenye mwanga, haushuki. Daktari akarudi nyuma akajiziba pua kwa koti. Tukaupeleka maabara, akautazama mwenyewe kwenye hadubini, kisha akanisogezea kiti nitazame. Wa zamani ulikuwa kama magamba ya samaki, mapana. Mpya ulikuwa vumbi tupu, na gamba moja moja limepotea humo.

"Siwezi kuapa mbele ya altare kwamba unga ndio uliomuua," akasema. "Alikuwa mgonjwa sana. Lakini simwekei mtu mwingine unga huu."

Wodini palikuwa na mzee mmoja wa Mbinga, mkulima wa kahawa, amepangwa kutiwa siku ile ile mchana. Akaondolewa kwenye orodha. Waliendelea kumtoa maji kwa mpira mpaka ulipopatikana unga wa kweli. Alipona kifua, akarudi kwenye mibuni yake, na kila msimu hadi alipokufa alikuwa akinitumia kahawa bila kujua sawasawa nilimfanyia nini.

Sasa nifike kwenye hizo boksi. Zilitoka kwa mjomba wako. Ndiye aliyepewa kazi ya kutuletea vifaa, na mimi nilijivuna, kaka yangu analeta dawa nyumbani. Nilimpigia simu nikamwambia tunahitaji kuongea. Akasema anakuja Songea kwa shughuli nyingine, atapitia. Nilidhani amedanganywa na aliyemuuzia. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole. Nikampikia mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, na ugali, kama anavyopenda.

Alinawa, akala. Nikamweleza yote, Mwalimu, homa, hadubini, moshi juu ya karatasi nyeusi. Alikuwa anakifyonza kichwa cha samaki wakati naongea. Alipomaliza akasema, "Basi hata nyinyi mmegundua."

"Hata sisi? Nani mwingine?"

"Kuna hospitali moja ya huko juu walizirudisha. Wakasema punje ni laini mno, mgonjwa wao alibanwa. Wanajifanya wajuaji."

"Ukazifanyaje?"

"Nizitupe? Gaude, ile ni talki. Si sumu. Nimeipata kwa watu wa kiwanda cha rangi, nikaifungisha, nikaipeleka ikauliwa vijidudu kihalali kabisa. Ni jiwe lile lile! Nikazileta huku." Akatoa mwiba kati ya meno, akautazama, akauweka ukingoni mwa sahani. "Nilijua huku kwetu hakuna wa kuuliza habari za punje."

Huku kwetu. Alikozaliwa, alikobatizwa, alikozikwa babu yako. Zilipokataliwa na wageni, akawaletea wa kwao.

Nikamwambia, "Kaka, Mwalimu Skola amekufa. Aliwafundisha watoto wetu."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo inayonichefua mpaka leo. Akasema, "Mdogo wangu, yule alikuwa anakufa tu."

Na akamega tonge.

Sikupanga nililolifanya. Niliinuka nikaichukua ile sahani mbele yake, mkono wake ukiwa bado umeelekea kwenye mboga, nikaenda nayo nyuma ya nyumba nikaimwaga shimoni, samaki, ugali, mwiba, vyote. Nikasikia anaita, "Gaude! Unamnyang'anya kaka yako chakula?" Nilikuwa nimeinama shimoni natapika. Vidole vyake viling'aa mafuta alipokuwa anasema maneno yale. Nikifumba macho hicho ndicho ninachokiona kwanza, kabla hata ya uso wa Mwalimu.

Kilichofuata kilikuwa kichafu zaidi, maana mjomba wako alikuwa mtu mmoja, na waliofuata walikuwa wengi. Hospitalini wakubwa walituita mimi na daktari, wakasema boksi ziteketezwe kimya kimya, tusichafue jina. Mmoja akaniuliza kwa upole kama kweli nataka kumpeleka kaka yangu mwenyewe mahali pabaya. Daktari Ndunguru akasema, "Taarifa tumekwishaipeleka." Haikuwa kweli, tuliipeleka mchana ule ule baada ya kikao, lakini ilimnyamazisha. Wakaguzi walikuja, wakachukua boksi, kampuni ikafungwa. Nikasali kwa shukrani. Kabla ya mvua kuanza ilikwishafunguliwa kwa jina jingine, ofisi ile ile, geti lile lile limepakwa rangi mpya. Hilo jina jipya ndilo lililo kwenye barua yako ya ajira.

Na ukoo, je? Ukoo uliitisha kikao kijijini. Nilikwenda nikiwa nimejipanga kueleza habari za punje, nikabeba hata zile paketi mbili. Walizungumzia sahani. Mchana kutwa, wazee wenye mvi, baba zangu wadogo, shangazi zangu, wote, sahani. Mwanamke aliyemnyang'anya kaka yake mkubwa chakula mdomoni, laana yake ni nini na inaondolewaje. Nilipofungua kinywa kumtaja Mwalimu, mzee mmoja akasema, "Hayo ni mambo ya hospitali, mama, hapa tuko kwenye mambo ya watu." Mjomba wako alikaa ameinamisha kichwa, amevaa sura ya aliyeonewa. Niliomba radhi kwa ajili ya sahani. Kuku akachinjwa, wakala, wakalamba vidole. Mimi sikugusa. Bibi yako hakugusa pia, nilimwona.

Kuna mtu mmoja tu ambaye baada ya kuonana naye sikuhitaji kunawa mikono. Mimi na daktari tulikwenda Ruhuwiko kumwambia Mzee Mapunda ukweli, hata ule tusioujua. Tulimkuta anapukuchua mahindi. Tukamsalimia shikamoo, akatupa vigoda. Daktari alieleza polepole, akasema pia kwamba hawezi kuapa, kwamba ugonjwa wa Mwalimu ulikuwa umefika mbali na pengine asingeishi muda mrefu.

Mzee akaendelea kupukuchua. Kisha akauliza, "Huo unga ungekuwa mzuri, angelala chali mpaka lini?"

"Pengine miezi, mzee."

"Miezi," akasema. Akakiweka kigunzi chini. "Miezi ni mingi, daktari. Mimi nililala naye usiku mmoja tu akiwa hivyo, nikiwa benchini, na ulinitosha kuona kwamba nimeoa."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mahindi yake nikalia. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia fulani "anakufa tu", namwona yule mzee na kigunzi chake. Sote tunakufa tu. Kilichopo katikati ndicho watu kama kaka yangu wanachokiiba, na wanakiiba kwa wale ambao kimebaki kidogo, kwa sababu wanajua hakuna atakayekihesabu.

Umeniona nikiwa mkali kwa vitu vidogo, nikirudisha maziwa dukani, nikinusa nyama mara mbili, ukaniita mama mkaguzi. Sasa unajua. Ila kuna upande mwingine wa kinyaa, nao sikuujua nilipokuwa kijana. Kinaweza kumfanya mtu ajione msafi kwa kuwa tu anachefuka. Nilidhani kuanua nguo mjomba wako anapokuja ni msimamo. Haukuwa msimamo. Ulikuwa ni kukaa mbali na uvundo huku nikimwacha mwanangu akae karibu nao, ampende, apokee kompyuta kutoka kwake, atamani kuwa kama yeye. Umekua ukimwona mjomba ana mkono wazi, anacheka, anakumbuka siku yako ya kuzaliwa. Hayo yote ni kweli. Anakupenda. Hata mbasa yule aliyemla siku ile, alikuwa ameuliza kwanza kama watoto wamebakiziwa. Usimtafute mtu mwenye pembe, Fidelis. Hutamwona. Utamwona mtu mwema kwa watu wake, anayekula vizuri, anayeamini kwamba mbali hakuna mtu anayeuliza.

Wewe utakuwa unauza vitu hivyo huko mbali. Sumbawanga, Tunduru, Kibondo, mahali ambapo mfamasia yuko peke yake kwenye chumba chenye joto na mgonjwa anangoja wodini. Utampa paketi nzuri yenye mhuri. Akikuuliza, "Kaka, hii punje zake zikoje?" utamjibu nini? Simaanishi talki tu. Kila kitu kina punje zake, kina lile jambo dogo lisiloonekana kwenye mhuri, na aliyekipakia analijua.

Sikukatazi kwenda. Kazi hakuna, najua. Naweza kukulisha, lakini siwezi kukupa sababu ya kuamka asubuhi, na nimekuona ulivyokuwa ukiamka siku hizi. Pengine kampuni imebadilika. Pengine wewe ndiye utakayeuliza humo ndani. Au pengine baada ya mwaka mmoja utakuwa umezoea, na harufu uliyoizoea haikusumbui tena, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko umaskini.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako, uisome ukirudi. Usije kuniamsha tuizungumze. Kesho gari litapiga honi hapo nje, nami nitamfungulia kaka yangu geti. Ni mkubwa wangu, itanibidi nimwamkie, na ile shikamoo itanitoka kama ninatema nywele. Nitamkaribisha chai, atasema amechelewa.

Ukitoka chumbani na begi, nitakubebea mimi mwenyewe mpaka garini, nitakuwekea msalaba kwenye paji la uso mbele yake, na baraka yangu itakuwa nzima, haitakuwa na nusu. Ukitoka bila begi, kaa tu mezani unywe chai yako. Usihangaike kutafuta maneno ya kumwambia mjomba. Nitakwenda mimi getini kumwambia aende zake, na safari hii, baada ya kufunga, sitakuwa na nguo za kuanua.

Ni mimi mama yako,
Gaudensia